Picha Uji

Saa nne usiku, Nkuhungu, upepo umetua.
Nimetundika kanga mbili dirishani,
moja ya vumbi, moja ya taa ya jirani,
nimefuta kamera kwa pindo la fulana,
nimebonyeza Rusha.
Watazamaji kumi na mmoja.

Gari langu linaachia mstari,
na kabla sijamaliza kona ya kwanza
Chilewa wa Kondoa ameshaandika:
"Nyemo, mbona uji?"

Uji. Hakusema ukungu, hakusema giza.
Nyasi za pembeni zimekuwa vigae,
vigae vimekuwa madoa,
madoa yanatapakaa kama siafu waliomwagiwa maji ya moto.

Lakini kwangu hapa ni safi!
Kwenye kioo changu naona hata kokoto,
naona mkwaruzo wa bampa wa ajali ya jana.
Faili niliyorekodi kwenye diski inang'aa
kama sufuria za Sechelela siku ya wageni.
Uzuri wote umebaki chumbani
kama bibi harusi aliyekosa gari.

Wiki nzima nikaongeza.
Nilidhani ubora ni kuongeza.
Nikapandisha picha hadi elfu moja na themanini,
fremu sitini kwa sekunde,
kilobiti elfu sita
juu ya laini inayopakia elfu tatu na mia tano,
na usiku wa Jumamosi hata hizo
tunagombea mtaa mzima.
Feni ya kompyuta ikalia kama mashine ya kusaga.
Uji ukazidi maji.

Jumapili nikaenda Mpunguzi kwa shangazi Mbeleje,
mizabibu inapogolewa na mikono haitoshi.
Akanipa mkasi. Nikakata kwa huruma,
kijiti hapa, kijiti pale.
"Unaukata au unaukuna?"
Akaninyang'anya, akaacha macho mawili kwenye tawi,
mengine yote chini.
"Mzizi huu una maji ya kulisha haya tu.
Acha yote uone, utavuna majani na kokwa."
Wala hakuwa ananifundisha kitu.
Jua lilikuwa kali, mbuzi wa watu wameingia shambani,
na mimi nilikuwa namchelewesha.

Nikarudi na lengelenge kwenye kidole gumba.
Nikashusha: mia saba na ishirini.
Fremu thelathini. Hiyo iliniuma,
nilikaa na kidole juu ya kitufe muda mrefu
kama mtu anayeuza baiskeli ya marehemu.
Kilobiti elfu mbili na mia tano, zisizopanda wala kushuka,
ili laini ibaki na pa kupumulia.
Fremu kamili kila baada ya sekunde mbili,
anayechelewa kuingia asikute makombo.
Kazi ya kusimba nikaipokonya prosesa iliyoelemewa
nikaikabidhi kadi ya picha, iliyokuwa imekaa tu.
Kisha nikazima mvua ndani ya mchezo,
kila tone linalokimbia linadai biti zake.
Nikazima na vumbi la barabarani.
Vumbi, nilisema, tunalo.

Saa nne. Rusha. Watazamaji tisa.
Kona ya kwanza.
Kona ya pili, ile ya nyasi ndefu.
Chilewa kimya.
Nikajua amelala, au bando limekata,
au amechoka na mimi kama nilivyochoka.
Mzunguko wa tatu, maandishi yakaibuka:

"We Nyemo!
Kumbe hilo gari ni la kijani?"

Miezi mitatu ananishangilia
bila kuijua rangi yangu.
Nikacheka, nikaachia usukani nijibu,
nikaparamia ukuta,
na watu tisa, kutoka Kondoa hadi Manyoni,
wakahesabu vioo vilivyovunjika
kimoja kimoja.